Mchaichai hautakuondolea mbu barazani

Wiki hii nimeulizwa tena: "Mtaalamu, nimezungushia baraza lote mchaichai, mbona mbu hawaishi?" Simlaumu aliyeuliza. Aliambiwa na muuza miche, naye muuza miche aliambiwa na mwingine, na sasa nusu ya Dar es Salaam inaamini kwamba mmea ukikaa tu kwenye chungu, mbu anageuza njia. Kazi yangu ni kukagua mbu majumbani na kwenye migahawa ya nje. Imani hii inanikera kwa sababu mtu akishapanda, anaacha kutafuta mbu wanakozaliwa.

Mafuta yanayomkera mbu yamo ndani ya jani. Jani likiwa zima, mengi yanabaki humo humo, ndiyo maana harufu ya mchaichai huipati vizuri mpaka ulipekeche jani. Ukiliponda au kulichoma harufu inatoka, mbu wanapungua kwa muda, kisha upepo unaichukua. Ukijipaka mafuta yake, hesabu saa moja au mbili, basi. Na yale mafuta ya sitronela yanayosifiwa kwenye mishumaa ya kufukuza mbu hayatoki kwenye mchaichai wa chai, yanatoka kwa ndugu zake wa jamii moja.

Hata hivyo sisemi mimea haina kitu. Huko Mbita, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwahi kuweka mimea hai ya vyunguni, mmojawapo wa jamii ya kivumbasi, na mbu wa malaria waliomfikia mtu wakapungua kwa takriban theluthi. Matokeo hayo nayaheshimu, na yananizuia kusema "haifanyi kazi kabisa" kama wenzangu wengi wanavyosema. Lakini vilikuwa vibanda vya majaribio ndani ya uzio wa wavu. Baraza lako la Mbezi liko wazi pande tatu na upepo wa bahari unapita. Sioni theluthi hiyo ikifika hapo, na hata ingefika, zingebaki theluthi mbili za kukuuma.

Sasa njoo kwenye kinachoniudhi hasa: kisahani kilicho chini ya hicho chungu cha mchaichai. Kiinue taratibu, umulike kwa tochi ya simu. Utaona vijiti vyembamba vyeusi vimening'inia vichwa chini, mikia ikigusa uso wa maji. Kivuli cha mkono wako kikipita, vyote vinajinyonganyonga kwenda chini. Hao ni viluwiluwi wa Aedes, mbu mwenye madoa meupe miguuni anayeeneza dengi. Kwa joto letu, yai hufika mbu kamili kwa siku saba hadi kumi hivi. Umemwagilia dawa yako ya mbu, na maji yaliyochuruzika yanalea mbu.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi, na hapa ndipo watu wanapochoka kunisikiliza. Aedes hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yanabaki yamenata pale hata kisahani kikikauka, yanaweza kuvumilia miezi, na mvua ya kwanza ikija yanaanguliwa. Kwa hiyo mwaga, kisha sugua kuta kwa brashi, kila wiki. Au ondoa visahani kabisa, au vijaze mchanga. Fanya hivyo hivyo kwa matairi, vifuu, ndoo za mafundi na mifereji ya paa iliyoziba majani. Mlipuko wa dengi wa 2014 na ule wa 2019 hapa Dar ulilelewa na vyombo vya namna hii.

Anayekuuma kifundoni saa kumi jioni, basi, ni huyo. Anayekuimbia sikioni usiku huku umekaa nje mara nyingi ni mbu wa aina nyingine, Culex, naye anapenda maji machafu: chemba, mashimo ya vyoo, mitaro iliyotuama. Ziba nyufa za mfuniko wa chemba kwa saruji, funga wavu mdomoni mwa bomba la hewa. Shimo la choo lenye maji linaweza kumwagiwa punje za lile povu jeupe linalofungia televisheni. Zinaelea, zinafunika maji, kiluwiluwi anakosa hewa. Makunduchi, Unguja, walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980 katika vita dhidi ya matende anayoyaeneza Culex, na ilifaa.

Bwawa la mapambo litie samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Moshi wa mwarobaini unasaidia, ila unavuta na wewe, na wenye pumu wasikae karibu.

Barazani penyewe, weka feni. Mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo unatawanya pumzi na jasho anavyofuata kukupata. Iweke chini, ielekee miguuni, maana Aedes anaanzia huko. Vaa suruali.

Ukishasafisha kwako na bado unaumwa, angalia ng'ambo ya ukuta. Aedes kwa kawaida haendi mbali na alikozaliwa, mara nyingi havuki zaidi ya nyumba chache, kwa hiyo mwombe jirani mpite pamoja uani kwake na brashi mkononi. Culex anaruka mbali zaidi. Chemba ikivuja mtaani, lipelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa wengi.