Usisubiri Pesa za Wakili

"Wakili, nilikuwa nachanga pesa kwanza." Wiki hii nimeisikia mara tatu, na ya mwisho ilitoka kwa mama wa Kayole, Nairobi, anayepigwa tangu Januari. Akiba yake ya chama ilikuwa ya kunilipa mimi. Miezi yote hiyo alirudi nyumba ileile kila jioni kwa sababu jirani alimwambia bila wakili mahakama haimsikilizi.

Hilo si kweli, na linaniuma kuliko mengine yote. Kesi ya kupigwa ni ya jinai. Inaendeshwa na kiongozi wa mashtaka kutoka Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye analipwa na serikali. Wewe ni mlalamishi na shahidi. Hudaiwi hata shilingi ya wakili ili aliyekupiga asimamishwe kizimbani katika mahakama ya Makadara au Kibera.

Amri ya ulinzi nayo iko katika sheria ya Kenya ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Unaiomba mwenyewe kwa hakimu. Ukiwa huwezi kufika, mtu mwingine anaweza kukuombea. Hakimu akiona hatari ipo, anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya kumsikia mume. Anaweza pia kumwamuru atoke nyumbani, hata kama ni yeye anayelipa kodi au mwenye hatimiliki. Mume akiivunja amri, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Hayo yote yangewezekana Januari!

Wakili utamhitaji zaidi kwenye talaka, malezi ya watoto na kugawana mali. Hapo ndipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inaingia: iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na mfuko wake kwa ajili ya wasio na uwezo. Mfuko huo ni mdogo na wanaoomba ni wengi, kwa hiyo peleka ombi mapema, na amri ya ulinzi isingoje jibu lake. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, na Kituo cha Sheria si za serikali, lakini pia husaidia bila malipo. Na haya ndiyo mengine ninayoambiwa, pamoja na majibu yangu:

"Wakili wa bure ni wa mshtakiwa tu." Watu wamezoea kuona wakili aliyeteuliwa na korti kwenye kesi za mauaji. Sheria ya 2016 inagusa pia kesi za madai na za watoto.

"Hatukuoana, tuliishi tu." Sheria ya 2015 inawakinga pia walioachana, wachumba, waliozaa pamoja na jamaa wa nyumba moja. Wanaume pia.

"Hajanipiga, ananinyima pesa tu." Kumdhulumu mtu kiuchumi kumetajwa humo kuwa ukatili.

"P3 inauzwa." Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha yako, ni bure. Ukiombwa pesa, mwone mkuu wa kituo.

Ukija kwangu, usije na bahasha. Njoo na nambari ya OB (ya ripoti yako katika kitabu cha matukio cha polisi), karatasi za hospitali, na daftari lenye tarehe: siku gani, saa ngapi, nani alisikia ukilia. Lifiche kwa dada yako au rafiki, si chini ya godoro.