Utupa haulevyi samaki, unawanyima pumzi

Vijijini Mbeya na Iringa wengi husema mmea wa utupa huwalevya samaki tu: majani yakitwangwa na kumwagwa mtoni, samaki huelea, na wasiookotwa huzinduka baadaye wakaenda zao.

Sivyo. Majani hayo yana rotenoni na sumu za jamii yake. Hupenya kwenye mashavu ya samaki hadi ndani ya damu, kisha huzuia seli kutumia oksijeni. Samaki anakosa pumzi ilhali maji yana hewa tele. Ndiyo maana hupanda juu akihema. Aliyepata sumu kidogo akasombwa hadi maji safi anaweza kupona, na nadhani huyo ndiye aliyezaa hadithi ya ulevi. Samaki wachanga hawana bahati hiyo, wala wadudu wa majini wanaoliwa na samaki.

Mla samaki hadhuriki kirahisi, kwani utumbo wa binadamu hufyonza rotenoni kidogo tu (si ruhusa ya kuionja!). Jua nalo huivunja.

Shambani utupa una heshima yake dhidi ya wadudu waharibifu. Mtoni, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza kuvua kwa sumu.