Ya Kale Tunayapenda, Ila Tunayasingizia

Nimelelewa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, katika nyumba yenye kinu, ungo, mtungi na mafiga matatu. Sasa naishi Mikindani, na vyombo hivyo bado ninavyo, tena navitumia. Mimi ni mtu wa mambo ya zamani na sioni haya kusema hivyo. Kinachoniuma ni sababu tunazozitoa tunapoyasifu. Tunasema chakula cha asili hakina madhara, maji ya mtungini hujisafisha, chumvi ya mawe ndiyo chumvi. Bibi yangu sikumsikia hata siku moja akisema hivyo. Yeye alikuwa na masharti: hiki hakiliwi kabla ya siku tatu, kile hakiguswi kwa mkono. Sisi tumerithi vyombo vyake, masharti tumeyaacha njiani.

"Muhogo ni chakula cha asili, hauna madhara"

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Nilipokuwa darasa la tano, mvua ilichelewa na ghala likabaki tupu mapema. Mama mdogo aling'oa muhogo mchungu, akaumenya, akauanika juani siku mbili, akautwanga na kusonga ugali. Usiku ule nyumba nzima ilitapika. Vichwa viligonga, miguu ikawa haina nguvu. Asubuhi majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona habari za uchawi. Bibi aliokota kopa moja lililobaki, yaani kipande cha muhogo mkavu, akalivunja, akalinusa, akasema, "Mwanangu, muhogo huu haukulala majini." Hakuongeza neno.

Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba bibi alikuwa sahihi kabisa. Ndani ya muhogo mchungu kuna kemikali iitwayo linamarini. Mzizi ukipondwa au ukiloweka na kulainika, kimeng'enya kilichomo humohumo kwenye muhogo huikuta linamarini na kuivunja, na mwisho wake hutoka sainaidi, sumu kali ambayo bahati nzuri hupaa hewani. Kwa hiyo jua peke yake halitoshi. Kinachofanya kazi ni kuvunjwavunjwa kwa muhogo, maji, na muda. Wazee walioloweka mpaka mzizi ukalainika, kama siku tatu hivi, ndipo wakauanika, waliiacha sumu ijitoe. Ukiuanika mzimamzima unakauka kabla kazi hiyo haijaisha. Makopa yanatoka meupe, yanapendeza machoni, na sumu imebaki ndani.

Anayekula muhogo wa namna hiyo wiki baada ya wiki, bila kunde wala samaki, anaweza kupata konzo. Ni ugonjwa unaokaza miguu ghafla, na mgonjwa hutembea kwa shida maisha yake yote. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika jimbo la Nampula huko Msumbiji, uliwapata watu zaidi ya 1,100 wakati wa ukame, wengi wao wanawake na watoto. Mkoa wa Mtwara nao umewahi kuripoti wagonjwa. Wanaopona sumu ya usiku mmoja kama sisi hawawezi kujua walikuwa karibu kiasi gani na jambo hilo. Kunde na samaki nimevitaja kwa makusudi, kwani mwili unahitaji protini ili kuigeuza sumu hiyo na kuitoa. Ugali wa muhogo kwa samaki si mazoea ya pwani tu.

Kuna wanaouliza kwa nini basi tunaupanda mchungu. Kwa sababu nguruwe pori na panya hawauchezei kama ule mtamu. Uchungu wake ndio mlinzi wa shamba, na mtu wa uwandani aliyewahi kuamka akakuta tuta zima limefukuliwa hahitaji maelezo.

Kisamvu kina hadithi ileile. Kukitwanga si kwa ajili ya ulaini tu: majani yanapopondeka ndipo sumu inapopata njia ya kutoka, na kuyachemsha kwa muda mrefu kunamalizia. Anayekwepa kinu akatumbukiza majani mazima chunguni ameiruka hatua iliyo muhimu kuliko nazi atakayoitia.

Na ikiwa unga uko ndani tayari na una wasiwasi nao, kuna njia iliyobuniwa na watafiti wa Australia ambayo bibi angeipenda. Changanya unga na maji, utandaze tabaka jembamba kwenye sinia au mkeka safi, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Usonge ugali siku hiyohiyo. Ni mbinu mpya, lakini inafuata jambo lilelile alilolijua yeye: maji na muda.

"Maji ya mtungini hujisafisha"

Hayajisafishi. Yanapoa. Udongo wa mtungi una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya kidogokidogo mpaka ngozi ya nje, yakakauka kwa upepo, na yanapokauka hubeba joto. Ndiyo maana mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ili upendeze haupozi tena: vitundu vimezibwa. Vimelea vya kuhara na kipindupindu havidhuriki na ubaridi huo. Maji yachemshwe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, yapoe, ndipo yaingie mtungini.

Mtungi wa bibi ulikuwa na kifuniko, na juu yake ukutani ilining'inia kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Kata ile haikunywewa. Ilichota na kumimina kwenye kikombe, basi. Mtoto aliyezamisha kikombe mtungini alijuta. Leo naona mitungi mizuri kwenye baraza za watu, iko wazi, na kila anayepita anatumbukiza kikombe chake na vidole vyake. Mtungi upo, kata haipo.

Mbegu za mlonge nazo zinasifiwa kupita kiasi. Ni kweli zikisagwa na kukorogwa kwenye maji yenye tope, tope hushikana na kuzama, na vimelea vingi huzama nalo. Vingi si vyote. Maji hayo bado yanataka moto, na yasikae, yatumike siku hiyo.

"Nyumba ya nyasi ni bora kuliko ya bati"

Kwa ubaridi, sina ubishi. Mchana wa Novemba ndani ya bati lisilo na dari ni mateso. Lakini anayesema hivi mara nyingi hajawahi kuishi Newala au Tandahimba, ambako maji yako chini mabondeni na mama zetu walikuwa wanaondoka alfajiri kuyateremkia, kisha kupanda nayo kichwani. Bati lilipokuja uwandani lilikuja pia kama kisima. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 1,000. Nyasi haikupi hayo. Maji ya kwanza ya msimu yaachwe yapite, yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege.

"Chumvi ya mawe ya pwani ndiyo chumvi halisi"

Chumvi ya mabwawa yetu ya Kilwa, Lindi na Mtwara ni nzuri, na waivunao ni ndugu zetu. Lakini maji ya bahari yakikauka, chumvi inayobaki haina madini joto ya kutosha. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1990 nchi yetu imetaka chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Mjamzito akiyakosa, anayeumia zaidi ni mtoto, tena kwenye ubongo, na hasara hiyo hairudishwi. Nunua chumvi ya hapahapa, ila uhakikishe imetiwa madini joto, na uiweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu.

"Chakula cha kuni ni kitamu, gesi haina ladha"

Ladha unayoisikia ina vyanzo viwili. Kimoja ni moshi wenyewe, hasa kwa vitu vya kubanika, na hapo siwezi kukubishia. Kingine, kikubwa zaidi, ni chungu na moto mdogo wa muda mrefu. Mbaazi za nazi zikiachwa kwenye chungu juu ya moto mdogo wa gesi kwa saa mbili, wageni wangu hawajawahi kutambua tofauti.

Bei ya ladha ile hulipwa na mapafu ya mpishi na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani. Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ikilenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Hata hivyo mitungi ya gesi ina gharama, na simlaumu anayepika kwa kuni kwa sababu hana fedha. Kwake nasema: pikia penye hewa, tumia kuni kavu, loweka maharage usiku kucha ili moto uwe mfupi.

Kuna jambo watu wa huku hulichanganya. Gesi ya kwenye mitungi si ile ya Mnazi Bay wala Songo Songo. Ya kwetu ni methani, husafiri kwa bomba. Ya mitungi ni propani na butani, na huletwa kwa meli kutoka nje.

"Unga wa kinu una virutubishi kuliko wa mashine"

Kinachoondoa virutubishi ni kukoboa. Mahindi yaliyokobolewa kwenye kinu hupoteza pumba na kiini kama yale ya mashine. Dona ya mashine inaishinda sembe ya kinu.

"Mswaki wa mti ni wa kizamani, hausafishi"

Unasafisha, ukitumiwa vizuri na kwa subira, na mapema kuliko brashi yoyote neno mswaki lilikuwa jina la kijiti hicho. Kinachokosekana ni floridi, madini ya kukinga meno yasioze, ambayo iko kwenye dawa ya meno. Mimi hutumia vyote viwili.

"Saruji ni imara kuliko chokaa"

Dhana hii inakwenda upande wa pili, inaidharau ya kale, nayo inabomoa mji ninaoishi. Waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na Husuni Kubwa katika karne ya 14, walitumia mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa kuni. UNESCO iliyaweka magofu hayo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Kuta za chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi ya bahari, hupata njia ya kutoka nje. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa, chumvi inaganda ndani na kulivunja jiwe. Kwa nyumba mpya ya matofali ya saruji sina neno. Kwa nyumba ya mawe ya Mikindani, saruji ni ugonjwa.

Nyumba ninayoishi ilipigwa saruji kabla sijahamia. Mwaka jana tuliibandua upande wa barabarani, na nyuma yake jiwe lilikuwa unga, unalikwangua kwa ukucha. Fundi, mzee wa hapa, alikataa kuanza siku ileile. Alitaka ukuta ukauke kwanza, na chokaa ilale kwenye maji. Nilimuuliza mpaka lini. "Mpaka iwe kama samli, mama." Tumeshapiga mkono wa kwanza wa lipu ya chokaa. Asubuhi na jioni naunyunyizia maji ili usikauke kwa haraka, na mkono wa pili fundi bado anausubiri.