Ndege "kurudishwa katika hali ya kuruka" ni kitu gani hasa

Juzi nimetumiwa tena ile klipu ya Vulcan, lile dege la Uingereza la kudondosha mabomu lenye bawa la pembetatu. Injini nne zinanguruma, moshi mweusi nyuma, linakimbia kwenye njia ya kurukia mpaka pua inainuka kidogo halafu linapunguza mwendo na kusimama. Chini mtu kaandika "wazee wameifufua, sasa hivi inaruka kama zamani". Hii ni mara ya nne au ya tano naona maneno hayo kwenye ndege ile ile, yenye namba XM655, iliyoko uwanja wa Wellesbourne, Uingereza, na ndege ile tangu itue pale 1984 haijaruka tena na wanaoitunza wenyewe hawajawahi kusema itaruka.

Kwa kifupi basi. Kurudisha ndege ya zamani ya kijeshi katika hali ya kuruka ni kuitengeneza mpaka mamlaka ya anga ya nchi ile ikubali kwa maandishi kwamba ndege hiyo, hiyo yenye namba hiyo, ni salama kurushwa kwa masharti fulani. Uingereza karatasi hiyo kwa ndege za aina hii ni kibali cha kuruka, sio kile cheti cha ndege za abiria, na kinahuishwa, hakitolewi mara moja ukakitundika ukutani. Kutengeneza ni nusu ya kazi na kukubalika ni nusu ya pili, watu wengi wanaishia ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayopiga kelele.

Tatizo mimi naona limeanzia kwenye neno. Waingereza wana neno lao, airworthy, ambalo kipande chake cha mwisho ni kustahiki, yaani ndege inayostahiki hewa, na walilifuatisha kwa mabaharia maana kabla ya ndege lilikuwepo la chombo kinachostahiki bahari. Sisi tukilitafsiri harakaharaka tunasema "uwezo wa kuruka" na hapo ndipo linapoharibika, kwa sababu uwezo ni nguvu tu, mwizi naye ana uwezo wa kuingia kwako. Stahiki limetoka Kiarabu, istahaqqa, na ndani yake kuna haqq, ndiyo hii hii tunayoiita haki, kwa hiyo anayestahiki kitu ni mwenye haki nacho, haki ambayo mwingine anaweza kuidai ushahidi. Na tusichanganye na stahili, yanafanana mdomoni lakini stahili lina shina lingine, istahala, ndani yake kuna ahl, ndiyo ahali, watu wa nyumbani, mtu anayestahili ni anayefaa, ambaye ni wa pale. Siku hizi tunayatumia kama neno moja na sigombani na mtu kwenye hilo, ila kwa ndege nachagua stahiki kwa makusudi.

Na watu wa pwani tofauti hii wala hawahitaji kufundishwa. Mjomba wangu alikuwa fundi wa kalafati, yaani wa kuziba mishono ya majahazi, Pangani na likizo nilikuwa nakaa kwake. Jahazi likipandishwa mchangani jana yake lilikuwa linaelea vizuri tu, lakini yeye hilo hakuliangalia, alikuwa anapita ubao kwa ubao anagonga na mpini wa nyundo sikio kaliweka karibu, akisikia mlio asioupenda anachomoa pamba yote ya mshono ule hata kama mwenye chombo anasema ni ya mwaka jana tu, anasokota nyingine yenye mafuta, anaipiga na patasi taratibu mpaka ishibe. Nahodha akija juu kwamba chombo kinaelea na safari ya Pemba ni kesho, jibu lilikuwa moja, "hata kifuu kinaelea".

Sasa turudi kwa Vulcan. Kwa miaka mingi zilizobaki na injini zinazowaka zilikuwa tatu, XM655 ya Wellesbourne, XL426 ya Southend, na XH558. Ukizipanga pamoja mtu wa kawaida hatofautishi, zote zinang'aa, zote zinatembea zenyewe, zote zinakuziba masikio. Iliyoruka ni moja tu, XH558. Jeshi liliachana nayo 1993, baadaye mfuko wa bahati nasibu ya taifa wa kusaidia urithi ukatoa paundi milioni 2.7 na wananchi wakachangia zaidi ya hapo, kazi ikaanza 2005 na ndege ikapaa tarehe 18 Oktoba 2007. Miaka 14 ardhini. Na sehemu kubwa ya muda na hela haikwenda kwenye kitu unachoweza kukipiga picha. Mabati yanafunguliwa, pampu inatolewa, inafungashwa inapelekwa kwa kampuni iliyoitengeneza zamani hizo, kule mtu anaifungua anaipima anaifunga anaweka saini, inarudi na karatasi yake, inafungwa mahali pale pale ilipotoka. Ukiangalia kwa nje hakuna kilichobadilika. Lakini juzi ilikuwa pampu inayofanya kazi, na leo ni pampu ambayo kuna mtu anayejulikana kwa jina anayewajibika kwamba inafanya kazi, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya urejeshaji na ndiyo maana inakula mamilioni.

Injini nazo hivyo hivyo. Walibahatika kupata injini nane za Olympus, ndizo za Vulcan, ambazo jeshi lilizifunga na kuzihifadhi zikiwa hazijatumika tangu zikarabatiwe, kila moja na hesabu yake ya mizunguko iliyoruhusiwa, ikiisha imeisha hata kama inawaka kwa ufunguo mmoja. Tarehe 28 Mei 2012 pale Doncaster vifuko vya silika jeli, vile vya kunyonya unyevu kama vya kwenye boksi la viatu ila vikubwa, vilisahaulika kwenye mdomo wa hewa. Injini ya kwanza ikavivuta ikavunjikavunjika, vipande vyake vikavutwa na jirani yake, sekunde chache injini mbili zimekwisha na dukani haziuzwi. Wakafunga mbili za akiba, ikaruka tena.

Halafu ikaja 2015, na mwaka huu ndio napenda watu wauangalie kwa makini. Ndege ile ilikuwa kwenye kundi la ndege tata, kundi ambalo kibali chake kinadai kampuni zenye utaalamu wa usanifu wake ziwe nyuma yako. Zilikuwa tatu na zikasema zinajitoa, wataalamu walioijua kwa mikono wanastaafu na mwili wa ndege umeshakula saa nyingi kuliko Vulcan nyingine yoyote. Basi tarehe 28 Oktoba 2015 ikaruka mara ya mwisho. Kesho yake asubuhi ilikuwa ndege ile ile, bawa lile lile, injini zile zile zinawaka, hakuna bolti iliyolegea usiku, ila haki yake ya kuwa hewani imeisha. Uwezo inao, kustahiki hakuna.

Na kinyume chake kipo pia. Tarehe 3 Mei 2009 pale Bruntingthorpe, Uingereza, kuna Victor, dege lingine la mabomu la zamani, namba XM715, ilikuwa inakimbizwa ardhini kuwafurahisha watu, katika kupunguza nguvu za injini mambo yakaenda sivyo, ikapaa. Kweli kabisa, mita chache juu ya nyasi, ikayumba, rubani akaishusha salama na nashukuru Mungu kila nikiangalia video yake. Ndege imeruka. Je, ilikuwa katika hali ya kuruka? Hapana, haikuwa na kibali na wala hakuna aliyekagua lolote kwa nia ya kuipandisha juu, ni kifuu cha mjomba kile.

Nisionekane nashikilia karatasi kwa kupenda karatasi. Mwaka huo huo wa 2009, mwezi Novemba, ndege moja ya kivita ya zamani aina ya Lightning iliyokuwa inarushwa na raia ilianguka kwenye maonyesho ya anga Overberg, Afrika Kusini. Mfumo wa haidroliki ulikufa angani, rubani akajaribu kujirusha nje na kiti cha dharura, ikashindikana, akafariki. Kwenye ndege za jeshi kiti kile kina baruti, na baruti ina tarehe ya kuisha, na kioo cha juu yako lazima kiondoke kwanza ndipo wewe utoke, na vyote hivyo huwezi kuvijaribu kwa kuwasha injini na kukimbia barabarani huku watu wanapiga makofi. Unavijua kwa kumbukumbu tu, nani alikibadilisha, lini, kinaisha lini.

Ndio maana "imefufuliwa" kwangu ni sawa ukiitumia kwa injini iliyolala miaka ikaguna tena, hata "imerejeshwa" sina neno, rejea ni kurudi tu na kila kitu kinarudishwa mahali pake. XL426 inatunzwa na taasisi yenye neno urejeshaji kwenye jina lake na shabaha yao ni ndege itembee ardhini, wameifikia, hawajamdanganya mtu. XM655 vile vile, wanaojitolea pale wanaipenda kuliko sisi tunaosambaza klipu zao. Kwa hiyo ndugu yangu uliyeniletea ile video, andika tu "inawashwa na inakimbizwa", itawatosha na itawapa heshima yao. Neno "inaruka" lilikuwa la XH558, na lenyewe mpaka ile tarehe 28 Oktoba.