Unyayo wa tairi ni nini?

Inua gurudumu moja la gari kwa jeki, lipake tope jepesi kwenye meno, tandika boksi kavu chini yake, kisha lishushe taratibu mpaka jeki iachie kabisa. Liinue tena, uvute boksi. Doa utakaloliona ndilo unyayo wa tairi: sehemu ya mpira inayogusa ardhi kwa wakati mmoja. Gari zima, pamoja na abiria na magunia, limesimama juu ya madoa manne ya namna hiyo. Kuondoka, kukata kona, kufunga breki, vyote vinapita hapo.

Wengi wanaotafuta matairi ya gari la foo wili pale Mwanza mjini huanza na rimu: ipi inang'aa, ipi pana, ipi italifanya gari lipendeze. Naamini hapo wanaanzia mwisho. Amua kwanza unyayo unaouhitaji, rimu ifuate.

Ukubwa wa unyayo unatokana na vitu viwili: uzito ulioko juu ya gurudumu na upepo uliomo ndani. Chukua gurudumu linalobeba kilo 600. Upepo wa PSI 35 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha geji ya upepo) ni kama kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya, na unyayo unakuwa karibu sentimita za mraba 240, chini ya nusu ya karatasi ya A4. Punguza upepo hadi PSI 18 na hesabu inakupa karibu 470, yaani robo tatu ya karatasi ileile. Ubavu wa tairi una ugumu wake na unabeba sehemu ya mzigo, kwa hiyo boksi lako halitalingana na hesabu hii sawasawa, lakini mwelekeo ni huo.

Upana wa tairi haumo kabisa katika hesabu hiyo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukifunga tairi pana zaidi ukalijaza upepo uleule, unyayo hauongezeki sana. Unabadilika umbo tu, unakuwa mfupi na mpana. Tairi jembamba lenye kimo, kama lile la 7.50R16 lililozoeleka kwenye Land Cruiser za kazi, huacha unyayo mrefu na mwembamba.

Umbo hilo lina maana kubwa kwetu kwa sababu ardhi ya huku hubadilika ndani ya mwendo mfupi. Wasukuma waliipa majina zamani. Luseni ni udongo wa kichanga uliomeguka kutoka kwenye mawe ya itale. Itogolo ina tabaka gumu chini yake. Mbuga ni ule udongo mweusi mzito wa mabondeni, wa mpunga na pamba. Ukishuka kutoka kwenye vilima vya mawe kuelekea bonde lolote la Misungwi, Kwimba au Magu, unaweza kuzikanyaga zote tatu kabla hujabadilisha gia mara kumi.

Kwenye luseni, na kwenye mchanga wa mialo ambako magari hufuata dagaa, unahitaji unyayo mrefu. Gurudumu kwenye mchanga husukuma kilima kidogo mbele yake. Unyayo mpana na mfupi husukuma kilima kipana, na injini inamalizia nguvu zake hapo. Ukipunguza upepo, unyayo huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, na gari linaanza kuelea badala ya kuchimba. PSI 18 inatosha kwa magari mengi yasiyo na mzigo mkubwa. Usishuke chini ya 15 kwenye rimu za kawaida, na usikate kona kwa ghafla, maana mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu. Tembea na pampu yako na ujaze upepo kabla ya kupanda lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hujikunja ubavuni kila mzunguko, hupata joto na hupasuka.

Mbuga ni habari nyingine. Utasikia kwamba tairi jembamba hukata tope mpaka likute pagumu. Ni kweli kwenye itogolo, na ni kweli kwenye barabara ya moramu iliyolowa juu tu. Kwenye mbuga yenyewe, pagumu panaweza kuwa chini zaidi ya urefu wa gurudumu lako. Udongo ule hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na masika hunywa maji na kuvimba. Tairi jembamba litaendelea kuzama mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikae juu ya tope. Kinachosaidia hapo ni nafasi kati ya meno. Meno yaliyoachana hulitema tope gurudumu linapozunguka, na yaliyobanana hujaa mpaka tairi likawa kama andazi, unyayo wake laini usioshika chochote.

Ndiyo maana ya herufi zilizochongwa ubavuni: H/T ni ya lami, meno yamebanana, M/T ni ya tope, yameachana sana, A/T iko katikati. Kwa mtu anayeishi mjini na kwenda vijijini mara chache kwa mwezi, ningechagua A/T bila kusita. M/T nawaachia wale ambao kazi yao ya kila siku iko mabondeni. Nafasi zile zinazotema tope ni mpira uliopungua kwenye unyayo, na kwenye lami iliyolowa gari linachelewa kusimama. Lami nayo inazidi kuongezeka: tangu daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lifunguliwe 2025, anayekwenda Sengerema haondoki tena kwenye lami kusubiri kivuko.

Sasa rimu. Soma matairi haya matatu: 265/70R16, 265/65R17, 265/60R18. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Yote matatu yana kipenyo cha nje cha karibu milimita 776, yaani gari halinyanyuki wala halishuki ukiyabadilisha. Tofauti ni ubavu: milimita 186, 172 na 159. Unyayo hurefuka kwa sababu ubavu unakubali kukunjwa, kwa hiyo kila unapoongeza rimu unapunguza nafasi hiyo, na unausogeza ukingo wa rimu karibu na mawe. Kwa nchi yenye mawe kama yetu, rimu ndogo kuliko zote inayopita kwenye breki zako ndiyo bora, hata kama haivutii macho. Ya chuma ikipinda fundi anaweza kuinyoosha. Ya alumini ni nyepesi, lakini pigo kali huipasua.

Hakikisha pia matundu yake yanalingana na habu, kitovu ambacho rimu hufungwa. Hilux na Prado nyingi zina stadi (boliti za kufungia rimu) 6 kwenye duara la milimita 139.7, Land Cruiser 200 ina 5 kwenye 150. Kisha angalia ofseti, ile namba inayofuata herufi ET nyuma ya rimu. Ni umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Ukitoa ET30 ukafunga ET0 yenye upana uleule, unyayo umeusogeza nje milimita 30. Gari linapendeza, ila beringi zinabeba mzigo ulio mbali zaidi, usukani unavutwa na kila shimo, na tairi linaweza kuanza kusugua madigadi.

Anayebeba dagaa au mpunga asome na namba ya mzigo ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Uwezo huo unapatikana kwa upepo kamili tu, si kwa upepo wa mchangani. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ule msimbo uliochongwa ubavuni, zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 3522 ni wiki ya 35 ya 2022. Tairi lenye meno mazuri lakini limekaa miaka mingi juani mpira wake umekauka, na muuzaji wa mitumba hawezi kukurudishia ulaini huo.

Ukishafunga, rudia boksi lile gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Doa likikolea pembeni na kufifia katikati, upepo ni mdogo. Likikolea katikati tu, umezidi. Rekebisha kidogo kidogo mpaka rangi ilingane, kisha andika namba hiyo mahali utakapoiona kila unapofungua mlango.