Staa ana jina, mali ina wenyewe

Umbea wa mastaa nausoma, tena asubuhi kabla sijafanya la maana. Sioni aibu kusema hivyo. Kinachonikera ni jinsi tunavyowagawia mastaa vitu visivyo vyao: wimbo wake, picha yake, hata maneno aliyoyasema kwenye runinga. Ukichungulia mikataba, vingi kati ya hivyo vina wenyewe.

Dhana: Wimbo ni wa aliyeuimba

Hapa nilibisha sana enzi zangu. "I Will Always Love You" ulikuwa wa Whitney Houston, basi. Kumbe Dolly Parton aliutunga 1973 na kuutoa 1974, miaka 18 kabla Whitney hajauimba kwa ajili ya filamu ya The Bodyguard. Katikati hapo Elvis Presley naye aliutamani. Meneja wake, Tom Parker, akaweka sharti: nusu ya haki za utunzi ije upande wao. Parton alilia, lakini alikataa. Toleo la Whitney liliposhika namba moja Marekani na kukaa hapo wiki 14, mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo unapotumika, haikuwa imemegwa.

Wengi hatujui kwamba wimbo mmoja hubeba haki mbili. Ipo ya utunzi, yaani maneno na melodia, na ipo ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio. Kila moja huweza kuuzwa peke yake, kwa mtu tofauti. Ndiyo maana ule usemi kwamba Michael Jackson "alinunua nyimbo za Beatles" ni nusu ya habari. Mwaka 1985 alinunua kampuni ya ATV kwa dola milioni 47.5, akapata haki za utunzi za nyimbo zao nyingi. Rekodi zenyewe hazikuwamo kwenye biashara hiyo.

Na ndiyo maana Taylor Swift aliweza kufanya alichofanya. Rekodi za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa 2019 bila yeye kuzipata. Lakini nyimbo alikuwa amezitunga mwenyewe, peke yake au na wenzake, kwa hiyo alirudi studio na kuanza kuzirekodi upya, toleo la kwanza likatoka 2021. Mashabiki wakahamia huko. Mwaka 2025 akazinunua na zile za zamani. Kwa msanii anayeimba nyimbo alizotungiwa, ujanja huo ni mgumu zaidi, hata awe na sauti ya kutoa nyoka pangoni.

Dhana: Kila wimbo ukichezwa mtandaoni, msanii anaingiziwa chake

Watu hupiga hesabu: umechezwa mara milioni kadhaa, zidisha kwa senti fulani, basi jamaa ni tajiri. Bei hiyo ya kila wimbo unapochezwa haipo. Majukwaa makubwa kama Spotify hukusanya mapato, hukata fungu lao, kisha kilichobaki hugawanywa kulingana na sehemu ya kila mmoja katika usikilizaji wote. Tena hakiendi moja kwa moja kwa msanii. Kinaenda kwa mwenye haki, mara nyingi lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wake, na lebo hujilipa kwanza ile pesa iliyomtangulizia msanii. Tangu 2024, Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Kwa hiyo ukiona staa anakimbilia matamasha na matangazo ya manukato, usimwite mlafi haraka.

Dhana: Picha yangu ni yangu

Hii ndiyo inayowashangaza watu kuliko zote. Mpigapicha akimnasa staa mtaani, hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya mpigapicha au wakala wake. Aliyepigwa picha hana hisa humo. Mwanamitindo Gigi Hadid alishtakiwa 2019 kwa kubandika kwenye ukurasa wake picha yake mwenyewe. Kesi ilitupwa, lakini kwa sababu hakimiliki ilikuwa haijasajiliwa. Mahakama haikusema kwamba uso ni wake. Jina lenyewe la mapaparazi, wapigapicha wanaowawinda mastaa, limetoka kwa mhusika wa filamu ya Federico Fellini ya 1960, mpigapicha aitwaye Paparazzo.

Dhana: Siku hizi mashine ndiyo inayoimba

Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti, ilitoka 1997, kazi ya Andy Hildebrand, mtu aliyekuwa akichambua mawimbi ya sauti ardhini kutafuta mafuta. Mwaka uliofuata Cher akaitumia kwenye "Believe" hadi ikasikika waziwazi, na ubishi haujaisha hadi leo. Programu hiyo husogeza noti iliyopotea mahali pake. Haikupi pumzi, wala haikufundishi kuingia kwenye mdundo. Mwimbaji mbovu akipitishwa humo hutoka mwimbaji mbovu aliye kwenye noti.

Dhana: Si nimemsikia kwa masikio yangu akisema?

Kwenye vipindi vya maisha halisi, kamera hukesha na kinachorushwa ni kipande kidogo tu. Mhariri anaweza kuunga maneno yaliyosemwa siku mbili tofauti yakawa sentensi moja. Dalili ni rahisi: sauti inaendelea lakini picha imehamia kwenye sura ya mtu mwingine, au kwenye glasi mezani. Hapo midomo ya msemaji huioni, na mimi huanza kumtilia shaka mhariri kabla ya staa. Mshiriki naye ameshasaini karatasi ya kuruhusu hayo yote, kwa hiyo kulalamika baadaye humsaidia kidogo.

Yaliyobaki ni mafupi. Sanamu ya Oscar ni ya mshindi kuiweka kabatini, lakini tangu miaka ya 1950 haruhusiwi kuiuza kabla hajaipa Akademia inayotoa tuzo hizo nafasi ya kuinunua kwanza, siku hizi kwa dola moja. Na ile nyota ya njiani Hollywood yenye jina la staa haiji bure: anayempendekeza staa, mara nyingi studio, hulipa makumi ya maelfu ya dola. Nyota za wengine zimelazwa chini, zinakanyagwa na kila mpita njia. Ya Muhammad Ali iko ukutani, kwa sababu hakutaka jina la Mtume likanyagwe.