Dedilifti imegoma kwenye 150? Acha kuipima kila Jumatatu

Wiki mbili nyuma kijana mmoja kanifata jimu hapa Mwanjelwa, jasho halijamkauka, ananiambia kocha dedi (dedilifti, kunyanyua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima) imegoma, mwezi wa nne huu niko kilo 150 palepale, leo inapanda, wiki ijayo inakataa, wiki nyingine inafika gotini inasimama kama imeshikwa na mtu. Nikamuuliza Jumatatu huwa unafanya nini. Napasha, naenda 100, naenda 120, 140, afu najaribu 155. Kila Jumatatu? Kila Jumatatu kocha.

Sasa hapo ndo shida ilipo, na wengi ninaowaona wamekwama wamekwamia hapohapo. Huyu anapima, hajengi. Ni sawa na mtu kapanda viazi afu kila wiki anavifukua aone vimefikia wapi.

Ukiwa mgeni wa vyuma unaongeza kilo 5 kila ukija na mwili unakubali tu, kwa sababu kila kitu kwako ni kipya. Baada ya miezi kadhaa, wengine mwaka, raha hiyo inaisha, unahitaji kazi nyingi zaidi ndo mwili ushtuke, na kazi hiyo nyingi nayo inataka siku nyingi zaidi za kupona, kwa hiyo hesabu ya kuongeza inatoka kwenye siku inakuja kwenye wiki, baadae kwenye mwezi. Huyo ndo mtu wa kati. Wala usiniulize ni kilo ngapi, maana kuna mtu wa kati ana 120 na kuna mgeni ana 160 kwa sababu kazaliwa na mgongo wa ng'ombe. Na ukizidi kupanda juu ndo inazidi kuwa taratibu, Eddie Hall, jitu la nguvu la Uingereza, alinyanyua dedi ya kilo 500 mwaka 2016, Hafþór Björnsson wa Iceland akaja kunyanyua 501 mwaka 2020. Miaka minne, kilo moja. We unalia na miezi minne.

Nilichompangia ni hiki. Siku mbili za dedi kwa wiki, moja nzito moja nyepesi, na hakuna kujaribu uzito wa mwisho mpaka wiki 12 ziishe. Siku nzito, wiki ya kwanza kilo 110, seti 4 za repu 5, yaani ananyanyua mara tano, anapumzika, anarudia mpaka mizunguko minne. Wiki ya pili 117.5, seti 5 za repu 4. Wiki ya tatu 125, seti 5 za repu 3. Wiki ya nne anapumzisha mgongo, 100 kwa seti 2 za repu 3, anaenda nyumbani. Hii wiki ya nne ndo wanayoiruka wote, wanaona kama wanapoteza muda, mtu anakwambia kocha leo najisikia vizuri, ndiyo, ndo maana yake ujisikie vizuri. Hizo wiki nne ni wimbi moja. Wimbi la pili kila kitu kinapanda kilo 2.5, la tatu hivohivo, kwa hiyo wiki nzito ya mwisho yuko 130 kwa repu 3 mara tano, na zote zinatoka safi. Wiki ya 12 nyepesi, afu ndo tunajaribu.

Akaniangalia kama namtania. Kocha 110 si naipiga hata kumi? Ndiyo unaipiga, na ndo nataka iwe hivo, kila seti ukiiacha ubakize repu mbili tatu za akiba, chuma kipande kwa kasi, mgongo usivunjike umbo. Repu 20 safi za kilo 110 zinajenga kuliko repu moja ya 150 ambayo umeitoa huku unatetemeka kama una malaria. Repu ya namna hiyo inachosha mwili mzima kwa siku kadhaa na haikuachii kazi yoyote ya maana ya kujengea.

Siku nyepesi tunaangalia inapokwamia. Yake inakwama gotini, kwa hiyo anafanya dedi ya kusimama njiani, anavuta 95, akifika chini kidogo ya goti anatulia sekunde mbili, afu anamalizia, seti 4 za repu 3. Baada ya hapo dedi ya Kiromania, ile ya kushusha chuma huku unasukuma makalio nyuma na magoti yamekunjwa kidogo tu, seti 3 za repu 8, nyuma ya mapaja iwake. Anayekwamia chini kwenye sakafu nampa vitu vingine, huyo nitamwandikia siku yake.

Afu nikamuuliza kitu ambacho nilitakiwa kuanza nacho, unafanya kazi gani? Kumbe anashusha viazi sokoni. Gari zikiingia Jumapili usiku anabeba lumbesa mpaka alfajiri, na lumbesa mnaijua, gunia limeshonewa kichwa kingine juu, kilo mia inapita vizuri tu. Anatoka hapo, analala masaa matatu, Jumatatu jioni yuko kwangu anajaribu 155! Mgongo haujui hili gunia hili chuma, wenyewe unahesabu kilo. Tukahamisha siku nzito ikawa Jumatano, nyepesi Jumamosi, skwati nzito (kuchuchumaa na chuma mabegani) tukaiweka mbali na dedi, na nina uhakika mabadiliko hayo ya kalenda peke yake yana thamani kuliko kilo zote nilizoandika hapo juu.

Kingine, vyuma vyetu. Pleti, zile sahani za uzito, za mashindano zile kubwa zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo katikati ya chuma inakaa sentimita 22.5 kutoka chini. Hizi zetu za kuchomelewa na fundi nyingi ni ndogo, chuma kinakaa chini zaidi, mtu anainama kupita kiasi afu anasema mgongo wake mbovu. Chukua tepu ya fundi upime, weka mbao chini ya pleti mpaka ifike. Na uzipime kwenye mizani, mimi nilikuta pleti imeandikwa 20 ina 18 na kidogo, nyingine ya pembeni yake 21, mtu anavuta upande mmoja mzito kila siku. Pleti ndogo za kilo moja na robo hatuna, nimeshona vifuko viwili vya mchanga, vinafungwa kwa kamba huku na huku, watu wanacheka ila 117.5 inapatikana.

Chaki ya ubaoni ya kukausha mikono usihangaike nayo, si ile ya magnesiamu wanayotumia wenzetu, inakuwa tope tu mkononi.

Na Juni hii baridi ya Mbeya, tafadhali, usiingie na sweta ukaanza na 100. Chuma kitupu, afu 60, afu 80, repu chache chache, mpaka uvue sweta mwenyewe.

Kijana kamaliza wiki ya pili juzi. 117.5, seti ya mwisho nikamuuliza zimebaki ngapi, akasema tatu, afu akasogea kuongeza pleti. Nikakaa juu ya pleti.